Uchovu wa manusura unavyogeuzwa namba

Uvimbe huonekana kwenye picha na hemoglobini husomwa maabara. Uchovu unaobaki baada ya saratani kutibiwa hauna pa kushikwa ila kwenye kauli ya mwenyewe, na kauli hiyo ndiyo mtafiti anatakiwa kuipa alama. Dodoso mojawapo linalotumika sana, FACIT-F, lilichapishwa Marekani mwaka 1997 na Suzanne Yellen, David Cella na wenzao. Lina vipengele 13 kuhusu siku 7 zilizopita: kama mtu anahitaji kulala mchana, kama anashindwa kuanza jambo, hata kama anachoka asiweze kula. Kila kimoja hujibiwa kuanzia 0, hapana kabisa, hadi 4, sana.

Ufundi uko kwenye hesabu. Vipengele 11 vinataja uchovu au athari zake, kwa hiyo kila jibu hutolewa kwenye 4 kabla ya kujumlishwa. Viwili tu, kuwa na nguvu na kumudu shughuli za kawaida, huachwa vilivyo. Jumla ikikaribia 52, uchovu ni mdogo. Hivyo viwili ni mtego: anayetia 4 kila mahali ili amalize upesi amesema yu hoi na ana nguvu tele papo hapo. Atapata 8, na anayesoma jumla peke yake atamweka kundi la waliochoka mno. Ni lazima fomu yenyewe ikaguliwe.

Na aliyeruka swali? Jumla huzidishwa kwa 13, kisha hugawanywa kwa idadi ya majibu. Aliyejibu 12 akapata 30 huandikiwa 32.5. Sharti awe amejibu zaidi ya nusu, maana yake hata majibu 7 yanapita. Kwangu huo ni ukarimu uliozidi.

Lakini tatizo kubwa ni asili ya dodoso lenyewe. Lilitungwa kwa kuwalenga wagonjwa wa saratani wenye upungufu wa damu. Manusura aliyemaliza tiba miaka 5 iliyopita anaweza kuwa na damu ya kutosha, ngazi anapanda, ila ukurasa mmoja anausoma mara tatu haumwingii. FACIT-F haina swali hata moja la umakini. MFI-20, dodoso la Uholanzi la mwaka 1995, inalo: uchovu wa akili una alama zake, wa mwili zake. Kwa manusura ningeanza na hiyo, ingawa inaongeza maswali 7.