Mzee Amekataa. Kamera Iko Upande Gani?

Katika The Father, filamu ya Florian Zeller ya mwaka 2020, mzee anayeitwa Anthony amemfukuza mwanamke aliyeajiriwa kumwangalia. Ati ameiba saa yake. Binti yake, Anne, anamuuliza tu kama ameangalia kule bafuni anakoficha vitu. Mzee anashtuka: hapo pa siri umepajuaje? Anaenda, anarudi amevaa saa. Kuhusu mwanamke aliyemsingizia, hana neno la majuto.

Kama umewahi kuishi na mzee asiyetaka kusaidiwa, hiyo saa unaijua. Kwetu huwa ni kitambulisho, ni mulika mwizi, ni hatimiliki ya shamba iliyokunjwa ndani ya Biblia, na wa kulaumiwa ni msichana wa kazi.

Filamu ilisifiwa sana, na Anthony Hopkins akapewa Oscar akiwa na miaka 83. Wengi waliisifu kwa jambo moja: inatuingiza ndani ya kichwa cha mtu mwenye dimenshia. Ni kweli. Vitu vya nyumba vinabadilika bila taarifa, kuku wa chakula cha jioni anarudi na kurudi, Anne anaingia akiwa na uso wa mtu mwingine kabisa. Lakini kwangu kazi kubwa zaidi inafanyika mapema, kabla hatujaelewa mchezo. Kwa muda tunamwamini mzee. Anashuku kwamba binti anaimezea mate nyumba yake, na tunachokiona kinamuunga mkono: mwanamume asiyemjua ameketi sebuleni akisema hapa ni kwake. Tungeitwa mahakamani wakati huo, tungeinua mkono na kuapa kwamba mzee anaporwa.

Zeller anatufanya mashahidi wabovu, na ndiyo maana naiamini filamu yake. Hadithi nyingi za mtoto na mzazi anayekataa huchagua kiti kimoja, zikakaa hapo hadi mwisho.

Mwaka huohuo ilitoka I Care a Lot ya J Blakeson, ambayo inaingia mahakamani kabisa. Marla, anayeigizwa na Rosamund Pike, ni mlezi wa kisheria wa wazee kule Marekani, na hiyo ndiyo biashara yake. Daktari anamtafutia mama mwenye pesa na asiye na ndugu, jaji anasikiliza dakika chache, amri inatoka. Jennifer Peterson (Dianne Wiest) hata hajui kulikuwa na kesi. Anafungua mlango wake asubuhi, mzima wa afya, anaambiwa kwa tabasamu kwamba kuanzia leo hana uamuzi juu ya chochote. Ni sehemu inayotisha kuliko bastola zote zinazofuata.

Tatizo ni hizo bastola. Mafia wakishaingia, filamu inasahau ilikuwa inaongea nini, na Jennifer anafifia kwenye hadithi yake mwenyewe. Yaani Blakeson anamfanyia kilekile alichofanyiwa na jaji: mambo yanaamuliwa akiwa hayupo chumbani. Mtu niliyemtaka zaidi ni yule mwanamume wa mwanzoni, anayepiga kelele kwa sababu tu amezuiwa kumwona mama yake. Anarudi mwishoni akiwa na bunduki. Kati ya hapo na hapo, kimya.

(Britney Spears alipokuwa chini ya usimamizi wa aina hii, kutoka 2008 hadi 2021, hata sisi Nairobi tulipiga kelele mtandaoni. Shosho hana hashtegi.)

Anayejua kukaa viti vyote viwili ni Shakespeare, na anafanya hivyo kwa hesabu tu. Mfalme Lear amegawa ufalme wake lakini amebaki na askari 100, anazunguka nao kwa mabinti zake. Mabinti wanaanza kupunguza: 50 wanatosha. Hapana, 25. Kwani unahitaji 10? Hata mmoja wa nini? Ukisoma taratibu, Goneril na Regan wana pointi. Nani anataka wanaume 100 wenye kelele nyumbani kwake? Kila ombi likisimama peke yake lina busara. Ni jumla yake inayomwacha mzee nje kwenye mvua. Weka funguo za gari mahali pa askari, kisha PIN ya M-Pesa, kisha kwenda soko peke yake, halafu niambie kama hiyo ni hadithi ya kale ya Uingereza.

Sisi tunayo maandishi yetu kuhusu jambo hili, ila hayako kwenye rafu za riwaya. Yako kwenye hukumu za Mahakama Kuu. Mtoto huomba chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Afya ya Akili ateuliwe kuwa mlezi wa mzazi na msimamizi wa mali yake. Analeta hati ya kiapo, ripoti ya daktari, na mara nyingi ridhaa ya ndugu wengine. Hukumu nyingi ziko wazi mtandaoni, majina yamefupishwa kuwa herufi mbili tatu, na mzazi anaitwa mhusika.

Zisome kama fasihi uone. Msimulizi ni mtoto, anajua yote. Mzazi hapati sentensi yake. Anasahau, anapotea, anafujia pesa, anakataa dawa. Hilo la mwisho ndilo linalonikaba: kukataa kwake kunaingizwa kwenye orodha ya dalili, kwa hiyo akisema hapana amethibitisha kesi dhidi yake.

Na mtoto huyu kwa kawaida si Marla. Sahihi ya buda haifanani tena na ile iliyo benki, hospitali inataka pesa leo, na pesa ni za buda mwenyewe. Afanye nini? Sheria nayo inajua kushuku watoto: msimamizi amekatazwa kuuza shamba bila ruhusa maalum ya mahakama. Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na ya kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Heshima na matunzo, sentensi moja. Mama akikataa kuogeshwa na nesi, mambo hayo mawili yanakosana hapohapo bafuni.

Kiswahili chenyewe kinaona aibu hapa. Mlezi ni aliyekulea. Kuomba uitwe mlezi wa mama ni kumgeuza mtoto wako kwa muhuri, na mtaani hakuna atakayesema uliomba ulezi. Watasema ulimpeleka mathe kotini. Watauliza kama hukuogopa laana.

Wazee wa riwaya zetu mara nyingi huja kutoa hekima, au kulaani, kisha wanakufa kwa wakati unaofaa. Nataka mwingine. Nataka mama wa Kayole aliyefukuza wasichana wa kazi watatu, ambaye mmoja kati yao alikuwa anaiba kweli. Sura ya kwanza iwe hati ya kiapo ya binti yake, mstari kwa mstari, na kila mstari uwe wa kweli. Sura ya pili mama aongee siku ya kesi. Jaji amuulize leo ni tarehe ngapi, akosee kwa miaka kadhaa, halafu aseme bila kubabaika kiasi kilichobaki kwenye akaunti yake, hadi shilingi ya mwisho.