Maji yalivyoamua Rufiji: jinsi Königsberg ilivyofikiwa

Mto tunaoujua sisi wa Ikonge, Nyamira, huenda upande mmoja. Maji ya Nyamira hushuka kwa Sondu hadi Ziwa Victoria, na hakuna saa utakayoyakuta yakirudi yalikotoka. Delta ya Rufiji, kusini ya Dar es Salaam, ina desturi nyingine. Mara mbili kwa siku bahari huusukuma mto ndani, na mara mbili mto hushuka na kuacha kingo za matope zikiwa tupu. Katika mikondo hiyo ziliangamia meli tatu za Vita Kuu ya Kwanza: manowari ya Kijerumani Königsberg, Somali iliyokuwa ikiihudumia, na Newbridge, meli ya makaa ambayo Waingereza waliizamisha wenyewe. Anayetaka kupiga kafi katika maji hayo leo, kwa mtumbwi au kayaki, anakutana na swali lililowasumbua maadmirali mwaka 1915: uingie saa ngapi, utoke saa ngapi?

Tukumbuke Königsberg ilifikaje huko. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii, jirani yetu. Siku nane baadaye Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja na kuizamisha. Kisha injini zikaisumbua, ikajificha Rufiji nyuma ya mikoko. Vyuma vilivyoharibika vilikokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waligundua ilipo, lakini kugundua hakukuwasaidia: meli zao kubwa zilihitaji kina ambacho mto hauna.

Jaribio lao la kwanza kubwa lilikuwa la kuziba mlango. Novemba 1914 waliipeleka Newbridge katika mkondo wa Suninga, wakailaza na kuizamisha hapo. Kwa maoni yangu ile ilikuwa kazi ya ushujaa iliyofanywa bila kuuelewa mto. Rufiji haina mlango mmoja. Ipo Kikunja, ipo Simba Uranga, ipo Kiomboni. Ukiziba mmoja, maji na adui hutafuta mwingine.

Kazi iliyogeuza mambo ilifanywa kwa mtumbwi. Piet Pretorius, mwindaji wa Afrika Kusini aliyeyajua maeneo yale, alivushwa kutoka kisiwa cha Mafia pamoja na Waafrika wachache waliojua kufuata nyayo na kupita kimya. Waliiona manowari ikiwa imefunikwa matawi, wakahesabu mizinga yake. Halafu wakaja kwenye jambo lenyewe: kupita mikondo usiku wakichovya mti majini, kupima kina, na kufuatilia siku baada ya siku maji yanavyojaa na kupwa. Jina la Pretorius limeandikwa vitabuni. Ya wenzake hayakuandikwa, na bila wao asingepita hata mkondo mmoja.

Vipimo hivyo vilionyesha kwamba chombo cha kina kifupi kingepita. Waingereza walileta viwili, Severn na Mersey, vilivyojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Vilihitaji maji yasiyofika mita mbili. Vilivutwa kwa kamba kutoka Malta hadi Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 viliingia alfajiri maji yakijaa, vikafyatua zaidi ya makombora 600, na Königsberg ikabaki ikielea. Kosa lilikuwa la utaratibu: vyombo vyote viwili vilipiga kwa pamoja, na aliyekuwa akiangalia kutoka kwenye ndege hakuweza kujua kombora lipi ni la nani, kwa hiyo hakuweza kumsahihisha yeyote.

Tarehe 11 Julai walirudi karibu na adhuhuri. Safari hii Severn ilitia nanga na kupiga peke yake, ndege ikituma masahihisho kwa simu ya upepo. Ndege ilipigwa, na Arnold, mwangalizi wake, aliendelea kutuma masahihisho huku rubani Cull akiitelemsha mtoni. Looff alipoona hakuna njia, aliilipua meli yake mwenyewe.

Tazama mwezi wa siku hizo mbili. Ramadhani ya mwaka 1333 Hijria ilikuwa karibu kuandama, kwa hiyo tarehe 11 ilikuwa bamvua, maji makubwa. Tarehe 6 ilikuwa maji mafu, maji madogo. Katika pwani hii bamvua hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne. Ndiyo maana mara ya pili kuingia adhuhuri kuliwapa maji yanayozidi kupanda hadi alasiri.

Mpiga kafi ageuze hesabu hiyo. Kayaki haihitaji kina. Inahitaji mkondo mpole na mwanga wa kurudia. Ukiingia siku ya bamvua, maji yatakufikisha ndani saa kumi jioni, na kupwa kutakurudisha gizani, kukiwa na viboko na mamba. Chagua maji mafu, kama siku ya nane hadi ya kumi ya mwezi mwandamo, au ya 22 hadi ya 24. Ondoka alfajiri maji yakikusukuma, geuka yakisimama asubuhi, urudi nayo mchana. Kumbuka kwamba kadiri unavyoingia ndani ndivyo kujaa kunavyochelewa. Ukikwama kwenye tope wakati wa kupwa, utakaa hapo saa kadhaa.

Usitarajie kuona meli nzima. Katika ghuba ya Mallows, Maryland, Marekani, wapiga kayaki hupita kati ya mbavu za meli za mbao zaidi ya mia, nyingi za vita hivyohivyo. Rufiji si hivyo: Königsberg ilikatwakatwa miaka ya 1960 chuma chake kikauzwa, na kilichobaki kimemezwa na tope. Mizinga yake yote 10 iliopolewa na Wajerumani wenyewe, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa na wapagazi vitani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Ukipanga kwenda, anzia Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na umlipe vizuri mwenyeji wa delta akutangulie kwa mtumbwi. Yeye anajua mkondo upi umejaa mchanga mwaka huu.