Kuweza na Kutaka: Toba ya Faustus katika Nakala Mbili

Tamthilia ya Doctor Faustus ya Christopher Marlowe imetufikia kwa nakala mbili zisizolingana. Ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1604, ya pili mwaka 1616. Na Marlowe mwenyewe aliuawa Deptford mwaka 1593, umri wake miaka 29, asiione hata moja. Wataalamu huziita A na B. Nakala B ni ndefu zaidi kwa mamia ya mistari, na daftari la Philip Henslowe, mwenye jumba la michezo, laonyesha kuwa mwaka 1602 William Birde na Samuel Rowley walilipwa pauni 4 kwa kuuongezea mchezo huo maneno. Mizaha iliyojaa katika B sina haja nayo hapa. Nakusudia kulitazama neno moja tu, maana juu ya neno hilo imetundikwa roho ya mtu.

Faustus amekwisha kuiuza roho yake kwa Ibilisi, na hati ameiandika kwa damu. Moyo wamsuta, auliza kama wakati umempita. Malaika mbaya asema umepita. Malaika mwema asema haupiti kamwe, lakini aweka sharti. Na hapo ndipo nakala zinapoachana. Katika A sharti ni kwamba Faustus aweze kutubu. Katika B sharti ni kwamba atake.

Msomaji asidhani kuwa hili ni kosa la mpiga chapa aliyesinzia. Mtu yu ndani ya kisima. Ukimwambia kuwa atatoka akitaka, umemlaumu kwa kukaa humo. Ukimwambia kuwa atatoka akiweza, umekiri kuwa huenda kamba haimfikii. Na aliyeishika kamba huko juu ni nani, kama si Mungu anayesemwa kuwa ni upendo?

Swali hili halikuwa la wachezaji peke yao. Marlowe alisoma Cambridge hadi mwaka 1587, chuo kilichokuwa kimelowa mafundisho ya Calvin: kwamba Mungu aliwachagua watakaookoka kabla ya kuumba ulimwengu, wala uchaguzi huo hautegemei wema wao. Miaka miwili baada ya kufa kwake, ugomvi ulizuka hapo hapo, na maaskofu wakatunga Makala ya Lambeth ya mwaka 1595. Makala ya mwisho yakana kwamba kuokoka kumewekwa katika hiari au katika uwezo wa kila mtu. Hiari na uwezo: ni maneno yale yale mawili yanayogombaniwa na nakala zetu. Malkia Elizabeth aliyazuia makala hayo, lakini hakuweza kulizuia swali.

Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha hapa. Neno la Kiingereza lililo katika B laweza kuwa la kutaka, na laweza pia kuwa alama tu ya wakati ujao. Sisi twapaswa kuchagua: akiweza kutubu, akitaka kutubu, au akitubu. La tatu ni jepesi kwa ulimi, nami naliogopa kwa sababu hiyo, maana hulifukia shimo ambalo mtungaji amelichimba. Zaidi ya hayo, neno kutubu tumelipata kwa Waarabu, na kwao kitenzi hicho hutumika kwa mja anayemrudia Mungu, na vile vile kwa Mungu anayemrudia mja kwa rehema. Toba katika asili ya neno ina pande mbili, nayo tamthilia yote yauliza kama upande wa pili upo.

Wako wanaosema kuwa Faustus ni mtu huru aliyejiangamiza kwa kusoma vibaya. Hoja yao ina nguvu. Mwanzoni afungua Biblia, Warumi 6:23, asoma habari ya mshahara wa dhambi, aacha nusu ya pili inayotaja karama ya Mungu. Kisha afungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, asoma 1:8 wala hafiki 1:9, penye ahadi ya msamaha. Akiisha kukata maneno ya watu namna hiyo, afunga kitabu kwa methali ya Kitaliano ambayo sisi tungesema: liwalo na liwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angerudishiwa kazi hiyo. Lakini nakala B, ile ile yenye kitenzi cha kutaka, yamleta Mephistopheles mwishoni akijisifu kuwa ndiye aliyefunua kurasa na kuyaongoza macho ya msomaji. Basi hiari hiyo ilikuwa ya nani?

Nayo A haina unyofu zaidi. Pamoja na kitenzi chake cha kuweza, ina tukio ambalo B imelifuta: yule mzee mcha Mungu anarudi, amlaumu Faustus kwamba yeye mwenyewe ameifungia neema nje ya roho yake, kisha apambana na mashetani bila kushindwa.

W. W. Greg, aliyezichapa nakala hizi sambamba mwaka 1950, aliipendelea B. Tangu miaka ya 1970 wengi wameirudia A, nami nipo pamoja nao, ila si kwa sababu za uhariri peke yake. Katika A, usiku wa mwisho, Faustus aiona damu ya Kristo mbinguni na kuililia, na uso wa Mungu wamkabili kwa ukali. Katika B damu hiyo haimo, na Mungu amegeuzwa kuwa mbingu tu. Sheria ya mwaka 1606 iliwakataza wachezaji kulitaja jina lake ovyo. Huenda sheria hiyo ililinda heshima ya Mungu, lakini ilimwondoa jukwaani mshitakiwa wa pili. Katika A wote wawili wapo: mtu asemaye kwamba angeinua mikono lakini imeshikwa, na Mungu ambaye damu yake yaonekana wala haifikiwi.

Kwa hiyo atakayeifasiri A na aandike akiweza, hata kama mchungaji wake atamwuliza kwa nini malaika mwema amesema hivyo.