Mto Rufiji na Maarifa ya Mlau

Mto Rufiji, unaokusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kutoka nchi yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, hupunguza kasi yake ukishatoka katika Korongo la Stiegler, na kutoka hapo hata kwenye mikoko ya delta huenda ukijipinda juu ya nchi tambarare, ukila ukingo huu na kuujenga ule, na kuacha kandokando maziwa ambayo hupata samaki wapya kila mafuriko yanapoyafikia.

Juu ya mto wa tabia hiyo Warufiji walijenga kilimo cha misimu miwili katika ardhi moja. Zilipoanza mvua za vuli walipanda mahindi na mpunga, wakitaraji mahindi yakomae na mpunga urefuke kabla ya mto kufurika, jambo ambalo aghalabu hutokea wakati wa masika. Na maji yalipokwisha kurudi mtoni yakiacha tope jipya, walipanda mlau, yaani mahindi, kunde na pamba, yaliyostawi kwa unyevu uliosalia ardhini. Hapo ndipo ulipojulikana uhodari wa mkulima, maana akiwahi, mbegu huoza topeni, na akichelewa, udongo wa mfinyanzi hukauka na kupasuka, akalazimika kuchimba mashimo yenye kina zaidi ili mbegu iufikie unyevu.

Aidha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua maji yatapanda kwa kadiri gani, mwenye busara alilima kipande kimoja juu ya tuta la kando ya mto na kingine bondeni, ili mwaka wa gharika asikose kitu cha juu, na mwaka wa maji haba asikose cha chini. Shamba likikaribia kuvunwa, jamaa nzima ilihamia katika dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, wakakesha kuwafukuza nguruwe mwitu, nyani na ndege.

Nguzo hiyo ya ulinzi ndiyo iliyotikisika mwaka 1969, pale serikali, baada ya mafuriko ya mwaka uliotangulia, ilipowahamishia watu nyanda za juu: walisalimika na maji, lakini makazi yakawa mbali na mashamba, na wanyama wakapata nafasi.

Leo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limefunga lango la korongo lile lile. Mlau hauhitaji maji tu. Unahitaji yapande kwa wakati wake, yabebe tope, kisha yaondoke, ilhali tope jingi hutuama nyuma ya ukuta, na saa ya kufungua maji huamuliwa na haja ya umeme. Basi wenye amana ya bwawa hawana budi kuyapangia mafuriko nafasi katika ratiba yao, na kuwapa wakulima habari mapema, kabla mbegu hazijatiwa ardhini.