Doc wa Pili Hakustahili Kufutwa

Mashabiki wa Back to the Future wakianza kuizungumzia gemu ya filamu hizo, hawachelewi kufika kwenye malalamiko mawili. Kwanza, eti mafumbo yake ni mepesi mno, mtoto wa darasa la nne anayamaliza kabla chai haijapoa. Pili, Marty wa kwenye gemu hasemi kwa sauti ya Michael J. Fox. Nimeyasikia haya tangu nikiwa chuoni Dar es Salaam, rafiki yangu mmoja alipoileta bwenini kwenye flashi, tukawa tunaicheza watu watano kwenye kompyuta moja yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga. Nami nilikuwa nayaamini. Mwezi uliopita nimeirudia yote, sehemu zote tano, na sasa naona tulikuwa tunagombania maganda.

Kwa wasioijua, maelezo mafupi. Telltale Games ya California ilianzishwa mwaka 2004 na watu waliotoka LucasArts, na biashara yake ilikuwa kutoa gemu za visa kwa vipande, kama riwaya inavyotoka gazetini toleo kwa toleo. Unamwongoza mhusika, unaongea na watu, unaokota vitu, unatatua mafumbo, halafu kisa kinakatika pabaya na unabaki kusubiri. Back to the Future ilianza Desemba 2010 ikaisha Juni 2011. Bob Gale, aliyeandika filamu ya kwanza pamoja na Robert Zemeckis, alishirikishwa kwenye hadithi. Christopher Lloyd mwenyewe alimpa Doc sauti. Marty alisemewa na kijana anayeitwa AJ LoCascio, ambaye kusema kweli anamwiga Fox kiasi kwamba ukifumba macho unashtuka. Fox naye anaingia kidogo sehemu ya mwisho.

Kwenye sauti ndipo mashabiki wengi huanzia, na ndipo wengi huishia. Studio nayo ililijua hilo: mwaka 2015, filamu ya kwanza ilipotimiza miaka 30, gemu ilitolewa upya, na mojawapo ya mambo yaliyopigiwa debe ni kwamba Thomas F. Wilson amerudi kumsemea Biff. Siwalaumu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua kwamba filamu inaweza kuwa sauti kwanza, picha baadaye. Ukishazoea kuitazama ikiwa na mtu anayeitafsiri juu kwa juu, siku ukiiona bila yeye unahisi umeuziwa nusu. Kwa hiyo anayesema "huyu si Marty" anasema ukweli kuhusu mapenzi yake. Ila uhakiki unaanza pale unapouliza huyo Marty, awe na sauti ya nani, anafanya nini.

Na anafanya jambo zito, zito kuliko lolote alilofanya kwenye filamu.

Tuko mwaka 1986. Doc hajulikani alipo na mali zake zinapigwa mnada. Gari la DeLorean linatokea bila dereva, ndani yumo mbwa Einstein tu. Marty anafuata nyayo mpaka Hill Valley ya mwaka 1931, enzi za marufuku ya pombe Marekani, anamkuta Doc yuko mahabusu kwa jina la uongo. Katika mji huohuo yupo Emmett Brown kijana, ambaye baba yake ni jaji na anataka mwanawe ashike sheria, wakati yeye roho yake iko kwenye mashine anazounda kwa kificho. Katika pilikapilika za kumwokoa Doc mzee, Marty anasababisha Emmett kijana akutane na Edna Strickland, mwandishi wa habari (mwenzangu huyo) mwenye maadili makali mpaka yanakereka. Wanapendana.

Marty akirudi 1986 anakuta mji umezungushiwa ukuta na kamera ziko kila mahali. Pombe marufuku, mbwa marufuku, busu hadharani marufuku. Anayetawala ni Doc, au tuseme mtu ambaye angekuwa Doc: alimwoa Edna, sayansi yake ikageuzwa kuwa chombo cha kuwanyoosha watu. Hii ndiyo sehemu ya tatu, "Citizen Brown", na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Ili uonane na mtawala, inabidi uvunje sheria kwa makusudi mpaka alama zako za makosa zitoshe. Fumbo ni jepesi, ndiyo. Lakini jamani, lingekuwa gumu lingesaidia nini? Unachotakiwa kufanya pale ni kutembea mitaani na kuona watu uliowazoea wamekuwa nini: George McFly kwenye kazi ya kuchungulia majirani zake kwa kamera, Biff amekuwa mpole kwa namna inayotisha. Kwenye gemu ya aina hii fumbo linamlazimisha msomaji asimame kwenye ukurasa. Likizidi ugumu anausahau ukurasa.

Kisha inakuja sehemu ya nne. Marty anamchukua huyu Doc wa pili, wanarudi wote 1931, na kazi wanayokwenda kufanya ni kumvunja moyo kijana. Wamtenganishe Emmett na Edna, ili arudi kwenye sayansi yake, ili aje kuwa rafiki wa Marty. Kumbuka filamu ya kwanza, ile ya 1985: wasiwasi wote ulikuwa kuwaunganisha wapenzi wawili ili Marty apate kuzaliwa. Hapa watunzi wameigeuza shati ndani nje. Sasa unabomoa penzi ili umrudishe rafiki unayemtaka, na mkono unaobomoa ni wako wewe, unabonyeza mwenyewe. Halafu katikati ya kazi, mzee anamwona yule kijana anavyoumia na anashindwa. Anambadilikia Marty. Bado anampenda mke wake.

Hapa mashabiki wa chumbani kwetu walikasirika. "Doc hawezi kumsaliti Marty," mmoja alisema, kama vile ametukanwa yeye. Lakini huyu si yule Doc! Huyu ana miaka yake mingi ya ndoa, ana kumbukumbu zake, na Marty anamwomba ashiriki kuzifuta. Sijui gemu nyingine iliyotokana na filamu iliyomwuliza shabiki swali la namna hiyo: wewe unayetaka kila kitu kirudi kama ulivyokizoea, uko tayari nani atoweke?

Sehemu ya tano inalikimbia swali. Edna anakimbia na gari la muda mpaka 1876, mji unateketea, tunaanza mbio za kukimbizana. Doc wa pili anafifia na kutoweka, na baada ya muda mfupi tunarudi kwenye vichekesho. Edna, aliyekuwa mtu mwenye hoja (mbaya, lakini hoja), anageuzwa kichaa wa kukimbizwa. Hilo ndilo kosa kubwa la gemu hii, si mafumbo, wala si sauti.

Wale wale wa Telltale walitoa Jurassic Park Novemba 2011, na kwa hiyo mashabiki walikasirika kweli. Hutembei kwa hiari yako. Unachagua pa kutazama, na hatari ikija unabonyeza kitufe kinachoonyeshwa, ukichelewa unaliwa, unaanza tena. Sehemu zake nne zilitoka siku moja, kwa hiyo hata raha ya kusubiri haikuwepo. Ikaripotiwa pia kwamba baadhi ya waliojiandikia kama wachezaji wa kawaida na kuipa alama 10 kwa 10 walikuwa wafanyakazi wa studio. Aibu tupu.

Nakubaliana na hasira ile, ila inanisikitisha kwamba ilifunika kitu. Hadithi inamfuata Gerry Harding, daktari wa wanyama tuliyemwona kwenye filamu ya 1993 akiwa na Triceratops mgonjwa, pamoja na binti yake Jess. Na kuna Nima Cruz, aliyetumwa kulitafuta kopo lenye viinitete vya dinosaria alilopoteza Nedry. Taratibu tunaelewa kwamba watu wa Nima walikuwa wakiishi kisiwani hapo kabla ya kampuni kuja, wakaondolewa. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa maana ya watu kuhamishwa ili eneo liwe la wanyama. Filamu ya Spielberg haikuuliza kisiwa kilikuwa cha nani. Gemu inauliza, halafu inakuachia sekunde chache za kubonyeza vitufe ukimkimbia T. rex, na mwishoni Nima lazima achague kati ya kopo na mtoto Jess. Akifuata kopo analiwa. Maskini anayetaka fedha kwa ajili ya mwanawe anaadhibiwa.

Telltale walifunga sehemu kubwa ya shughuli zao Septemba 2018, msimu wa mwisho wa The Walking Dead ukiwa katikati, wengine wakaumalizia. Msimu wa pili wa Back to the Future haukutoka kamwe, ingawa sehemu ya tano inaisha na Marty watatu wa nyakati tofauti wakigombana, kila mmoja anataka asaidiwe yeye.

Usiku ule bwenini, Doc wa pili alipofifia, hakuna aliyesema kitu. Mmoja alitaka kujua yamebaki mafumbo mangapi, maana umeme ulikuwa unakatwa saa nne.