Umbo Moja, Mahali Pawili: Nuru na Mandhari katika Uhakiki wa Sanamu za Nje

Katika Kiswahili neno "sanamu" limezoeleka kuwa na maana ya mfano wa kitu: mtu, mnyama, au mungu aabudiwaye. Ndiyo maana mtu akiambiwa kwamba uwanjani pamesimamishwa sanamu, swali lake la kwanza aghalabu huwa, "Ni sanamu ya nani?" Swali hilo ni halali mbele ya sanamu ya mfalme au ya shujaa wa vita. Mbele ya sanaa dhahania, yaani kazi isiyokusudiwa kufanana na kitu chochote kijulikanacho, swali hilo hukosa pa kushika. Mtazamaji haoni uso wala upanga wa kumwongoza. Anabakiwa na mambo matatu: umbo lenyewe, nuru inayoliangukia, na mahali liliposimama. Wahakiki wengi hushughulika na la kwanza tu, wakayachukua mawili yaliyosalia kama watu wanavyoichukua fremu ya picha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa sanamu dhahania ya nje, nuru na mahali ni sehemu ya kazi yenyewe. Aidha yanakusudia kuonyesha kwamba viwili hivyo havivuti upande mmoja sikuzote: mahali panapolifaa umbo kwa nuru panaweza kulinyima maana, na panapolipa maana panaweza kulinyima nuru.

Mfano utakaochunguzwa ni wa Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza aliyezaliwa Wakefield mwaka 1903 na kufariki St Ives mwaka 1975. Chanzo cha kazi yake hiyo ni kifo kilichotokea Afrika. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia. Alikuwa njiani kwenda kuzungumza na Moïse Tshombe juu ya kusimamisha mapigano ya Katanga, jimbo la Kongo ambamo Kiswahili ni lugha ya watu wengi. Hammarskjöld alikuwa mpenzi wa kazi za Hepworth, na katika kumkumbuka mchongaji huyo alilirudia umbo alilokuwa akilifanyia kazi kwa muda, akalipa jina la Single Form, yaani Umbo la Pekee. Mojawapo ya kazi hizo, ya miaka 1961 na 1962, ina kimo cha mita 3 hivi, nayo imesimama kando ya ziwa katika bustani ya Battersea, London. Nyingine, kubwa zaidi, ina kimo cha mita 6.4, ilizinduliwa Juni 1964 mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Zote mbili ni bamba la shaba lililosubiwa na kusimamishwa wima, lenye kingo zisizolingana, na sehemu yake ya juu imetobolewa tundu la mviringo.

Kazi hizo mbili si nakala kamili. Ile ya New York ni kubwa mara mbili na zaidi, na mistari ya maungio ya vipande vyake inaonekana usoni pake. Hata hivyo umbo la msingi ni lilelile, na mkono ulioliumba ni uleule. Kilichobadilika hasa ni mahali. Ni nadra kwa mhakiki kupata ulinganisho ulio wazi kiasi hicho.

Kabla ya kulinganisha, yafaa ielezwe namna nuru inavyofanya kazi juu ya bamba lililosimama wima. Uso wa shaba hiyo una mabonde madogo na alama zilizoachwa na zana. Alama hizo hujitokeza pale nuru inapoujia uso kwa ubavuni, ikitambaa juu yake, kwa sababu hapo kila kituta hutupa kivuli chake. Nuru ikiujia uso kwa mbele, vivuli hutoweka na uso huonekana kama ubao. Mawingu yakitanda, nuru hushuka kutoka pande zote za mbingu kwa pamoja. Vivuli hulainika, na jicho hutegemea kingo za umbo kuliko uso wake. Latitudo nayo ina neno lake. Nairobi, jua la saa sita mchana halishuki chini ya nyuzi 65 mwaka mzima. London, jua la saa kama hiyo hufika nyuzi 62 hivi katikati ya Juni, na katikati ya Desemba huwa nyuzi 15 tu. Kwa hivyo bamba la wima, ambalo hapa Afrika ya Mashariki lingepata nuru ya adhuhuri karibu na utosi na kutupa kivuli kifupi, kule hupata kwa miezi mingi nuru ya chini inayolipiga kifuani na kutandaza kivuli kirefu juu ya nyasi. Mchongaji aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake katika latitudo hizo alichonga kwa ajili ya nuru hiyo.

Hepworth mwenyewe hakulipuuza jambo hili. Tangu mwaka 1949 alifanya kazi katika karakana yake ya Trewyn, St Ives, mji uliozungukwa na bahari karibu pande zote. Bustani ya karakana hiyo, ambayo pamoja na karakana ilifanywa makumbusho mwaka 1976, ndiyo iliyokuwa mahali pake pa kuzitazama kazi chini ya mbingu, kati ya mimea. Lakini kazi iliyokusudiwa New York ilikuwa kubwa mno. Kielelezo chake cha plasta kiliundwa ndani ya ukumbi uliokuwa zamani wa dansi, aliounua mwaka 1961. Jambo hilo lazima lizingatiwe katika kuipima.

Huko Battersea, umbo limesimama ukingoni mwa maji, na nyuma yake pana miti. Maji hurudisha nuru kutoka chini, hata sehemu ambazo zingekuwa gizani hupata mwangaza unaotikisika. Miti hupukutisha majani wakati wa baridi, na hapo nuru ya chini huingia bila kizuizi; wakati wa joto majani huchuja nuru hiyo na kuitupa juu ya shaba kwa mabaka. Mtazamaji anaweza kulikaribia na kutembea kando yake, na kila hatua humpa ukingo mwingine. Tundu lililo juu humwonyesha majani, kisha anga, kisha tena majani, kwa kadiri anavyosogea. Akilitazama kwa ubavu, bamba lililoonekana pana huwa jembamba. Hapana shaka kwamba kwa upande wa fani, kazi hii imepata makao mema. Kila kilichomo ndani ya umbo hutolewa nje na nuru ya mahali hapo.

Lakini mtazamaji huyo akiulizwa kazi hiyo inahusu nini, atajibu nini? Ataona kitu kizuri kando ya maji, mahali ambapo watu hupumzika. Hakuna kitu katika ziwa wala katika miti kinachomwelekeza Ndola, wala Katanga, wala kwa mtu aliyekufa akitafuta kusimamisha vita. Kwa upande wa maudhui, mandhari ya Battersea yameimeza kumbukumbu.

New York mambo ni kinyume. Sanamu imesimama kando ya hodhi la maji upande wa magharibi wa jengo la Sekretarieti, lenye ghorofa 39, ambalo nyuso zake pana zinazoelekea mashariki na magharibi ni za vioo. Matokeo yake kwa nuru ni rahisi kuyafahamu. Asubuhi jua huwa nyuma ya jengo, na kivuli cha jengo huangukia upande wa sanamu. Shaba hupata nuru ya anga pekee, na alama za uso wake hufifia. Alasiri jua huipiga kutoka upande wa barabara, na huku vioo vya jengo vikirudisha sehemu ya nuru hiyo mgongoni pake. Nuru ya ubavuni, ile inayoamsha uso wa shaba, haidumu. Zaidi ya hayo, wapita njia wengi huitazama kutoka barabarani, nyuma ya uzio. Hawawezi kuizunguka. Umbo lililotengenezwa kwa mita 6.4 huonekana dogo mbele ya ukuta wa vioo unaopanda juu mara ishirini na zaidi ya kimo chake. Kwa fani peke yake, hapa ni mahali pagumu.

Hata hivyo ni katika ugumu huo maana inapopatikana. Anayetazama kutoka barabarani, nyuma ya tundu haoni majani. Anaona vioo vya jengo alimofanya kazi Hammarskjöld, ambaye ofisi yake ilikuwa katika ghorofa ya 38. Pengo lililokuwa jambo la umbo tu kule London, hapa linakuwa pengo la mtu. Udogo wa sanamu mbele ya jengo, ambao ungehesabiwa kuwa kasoro, unaonyesha mtu mmoja mbele ya chombo kikubwa alichokitumikia. Hata jina la kazi, Umbo la Pekee, hupata uzito mpya mbele ya mamia ya madirisha yanayofanana. Hakuna hata moja kati ya hayo lililochongwa katika shaba. Yote yametoka mahali.

Ushahidi mwingine umo ndani ya majengo hayohayo. Mwaka 1957 Hammarskjöld alisimamia kutengenezwa upya kwa chumba cha utulivu ambacho katikati yake liliwekwa pande la madini ya chuma lenye uzito wa tani 6.5 hivi, likamulikwa na mwale mmoja kutoka juu. Hilo nalo ni umbo lisilo sura. Tofauti ni kwamba mle ndani nuru imeamriwa: haibadiliki kwa saa wala kwa majira, na kila aingiaye huona kile kile alichokiona mwenzake. Sanamu ya nje haina ulinzi huo. Aliyeiona Januari saa tatu asubuhi na aliyeiona Julai saa kumi jioni wanaweza kubishana juu yake, na wote wakawa wamesema kweli.

Yapo maoni mawili yanayopingana na hoja hii. La kwanza ni la wale wanaoshikilia kwamba umbo lililotimia hujitosheleza, na kwamba kuyataja mazingira ni kutafutia kazi dhaifu udhuru. Battersea na New York zinalikanusha oni hilo, maana umbo lililotimia limesema mambo mawili mbalimbali. La pili liko mwisho mwingine wa mzani. Kazi ya Richard Serra iitwayo Tilted Arc, ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 na zaidi, iliwekwa katika uwanja mmoja wa serikali huko New York mwaka 1981, ikaondolewa mwaka 1989 baada ya mabishano makali. Serra alishikilia kwamba kuihamisha ni kuiharibu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mahali pale tu. Msimamo wake ni sawa kwa kazi yake, lakini hauwezi kufanywa sheria ya kazi zote. Umbo la Hepworth limeishi mahali pawili bila kufa. Linafanana na utenzi unaosomwa kwa sauti msibani na unaochapwa kitabuni: maneno hayakubadilika, lakini hakuna mhakiki wa Kiswahili atakayethubutu kusema kwamba wasikilizaji na wasomaji wamepata kitu kimoja.

Msomaji wa pwani hatalihesabu jambo hili kuwa geni. Makaburi ya nguzo ya Malindi, yaliyo kando ya msikiti wa Juma, ni maumbo ya wima yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ili kumkumbuka maiti bila kuonyesha uso wake. Nguzo ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, ilitiwa mabakuli ya kaure ya Kichina, ambayo king'arisho chake hudaka jua pale ambapo chokaa hulinywa. Waashi hao waliijua nuru ya latitudo yao: jua likiwa karibu na utosi, uso uliolala humulikwa na uso wa wima hubaki hafifu, kwa hiyo kitu king'aacho kilichopachikwa katika nguzo kina kazi ya kufanya. Nao msikiti ulio kando humwambia mpita njia kwamba aliyelala hapo ni mtu wa watu hao. Nuru na mahali vimevuta upande mmoja. Hicho ndicho kipimo, na kwa kipimo hicho Battersea imepata nusu, na New York imepata nusu nyingine.

Ikiwa hivyo ndivyo, uhakiki wa sanamu dhahania za nje una wajibu ambao haujautimiza. Picha iliyochapwa kitabuni huchagua saa moja, upande mmoja na umbali mmoja, kisha huufuta uchaguzi huo. Anayeihukumu kazi kwa picha amehukumu kazi ya mpiga picha. Mhakiki hana budi kueleza alisimama wapi, saa ngapi, na katika majira gani. Na neno "mandhari", ambalo katika uhakiki wa riwaya limezoeleka kuwa ni mahali matukio yanapotendeka, lapaswa kupanuliwa lichukue pia nuru ya mahali hapo.

Wajibu huo si wa wahakiki peke yao. Anayechagua mahali pa kuisimamisha sanamu ya ukumbusho isiyo na sura anaandika sehemu ya maudhui yake, apende asipende. Mtu aliyekufa Ndola hana uso katika shaba ya Hepworth. Akikumbukwa, atakumbukwa kwa sababu ya mahali shaba hiyo iliposimama. Na ikihamishwa kesho mpaka kwenye bustani yenye nuru njema zaidi, itapendeza zaidi, naye atasahauliwa.