Soma Plagi Kabla ya Kufungua Kabureta

Gari halivuki kuja Lamu mjini. Mwenye nalo huliacha Mokowe, akapanda boti. Lakini kabureta, ambayo magari mapya yameshaitupa, huku visiwani ingali na kazi kila siku nyuma ya boti, kwenye mashine za stroki mbili zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mashine ikigoma asubuhi, kabureta ndiyo hulaumiwa kwanza. Bisibisi hutoka, bakuli lake la mafuta likafunguliwa palepale gatini, skrubu moja ikatumbukia majini, na sasa shida ni mbili.

Fundi mzoefu huanza kwingine. Huangalia kwanza kibanio cha kamba ya kuzimia: kisipokuwa mahali pake, moto haupiti, hata uvute mpaka mkono ufe ganzi. (Nadhani mafundi wengi wameitwa kwa hilo tu.) Kisha huminya pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta. Ikikaza, petroli imefika. Ikibaki laini, tangi ni tupu au hewa inaingia kwenye kiungio. Ikiwa imenywea yenyewe, skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi haikufunguliwa.

Ndipo plagi itolewe. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, na hapo una haki ya kuishuku kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yapo. Ama yamezidi, ama moto haupo. Ipanguse, ichomeke kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini mbali na tundu la silinda na tangi, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano, hafifu, inakupeleka kwenye plagi yenyewe au nyaya zilizoliwa na chumvi.

Wengi huilowesha plagi wenyewe kwa choki. Petroli huwaka ikiwa mvuke, takriban uzani wa 15 wa hewa kwa 1 wa petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu ya mvuke hurudi kuwa matone, ndiyo maana choki hubana hewa ili petroli izidi. Kwa joto letu, mivuto michache yatosha, kisha choki irudishwe. Ukishapitiliza, chomoa mpira wa mafuta, rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, uvute mpaka petroli ya ziada itoke.

Kabureta yenyewe huwa na makosa baada ya mashine kukaa wiki kadhaa. Petroli hupaa, oili haipai: hubaki bakulini ikinata na kuziba jeti, yaani tundu jembamba la kupitishia petroli. Maji nayo, yakiingia kupitia madumu, hulala chini kabisa kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na jeti kuu hunyonya hukohuko chini. Legeza skrubu ya bakuli, kinga kwa chupa ya kioo, uone matone yakibiringika chini. Nahodha mwangalifu huchomoa mpira jioni, akaiacha mashine ijizimie kwa kukosa mafuta.

Gari kuukuu lililoachwa Mokowe halina oili ya kuganda, ila bakuli lake pia hukauka. Pampu yake huendeshwa na injini, kwa hiyo stata huzunguka sana kabla petroli haijapanda. Pampu ikiwa na wenzo wa mkono, upige kwanza mpaka bakuli lijae. Wasiojua hununua betri mpya.